Barua Zisizo na Muhuri: Posta ya California Kabla ya Dhahabu

Anayekuja kuangalia mkusanyo wangu kwa mara ya kwanza hutafuta stempu. Ni kawaida, wengi wetu tuliingilia mlango huo huo. Lakini barua iliyoandikwa California mwaka 1790, au hata 1830, haina stempu. Uingereza ilitoa stempu ya kwanza duniani mwaka 1840, Marekani ikafuata mwaka 1847, na Mexico mwaka 1856. Nyingi ya barua ninazozikusanya hazina hata muhuri wa posta. Unachokiona ni karatasi moja iliyokunjwa ikawa bahasha yake yenyewe, jina la mwandikiwa, doa jekundu pale lakiri, nta ya kufungia, ilipobanduka, na pengine maneno mawili matatu ya mkono kwenye pembe.

Mnadani barua hizi hupitwa. Watu hugombania zile zenye duara jeusi la muhuri wa posta wa San Francisco wa miaka ya 1850, na nawaelewa, maana zinapendeza. Mimi hukaa na hizi tupu. Nimezishika muda wa kutosha kuamini kwamba upande wa nje wa barua isiyo na muhuri ni ushahidi kamili: unasema nani alitawala, nani alibeba mfuko, njia ipi ilikuwa wazi na ipi imefungwa. Muhuri haupo kwa sababu, na ukiifuata sababu hiyo unaiona California ya mwanzo jinsi ilivyokuwa.

Tuanze na Wahispania. Waliingia Alta California, yaani California ya leo, kuweka makazi mwaka 1769, wakaanzia San Diego. Tarehe 3 Juni 1770 kamanda Gaspar de Portolá na padri Junípero Serra wakaanzisha ngome na misheni ya Monterey. Ikawa lazima Mexico City, makao ya utawala wa Kihispania, ipate habari, na habari zikatumwa kwa njia mbili. Askari aitwaye José Velásquez alishika njia ya nchi kavu kuelekea kusini. Meli San Antonio nayo iling'oa nanga tarehe 9 Julai kwenda bandari ya San Blas, pwani ya magharibi ya Mexico. Velásquez alipita San Diego, akaishuka rasi ya Baja California, na mwanzoni mwa Agosti alikuwa amefika Todos Santos, karibu na ncha ya kusini. Meli ilitia nanga San Blas tarehe 1 Agosti, na tarehe 10 barua zikawa mikononi mwa Marqués de Croix, aliyetawala kwa niaba ya mfalme. Kengele za makanisa ya jiji zikapigwa.

Kwa hiyo tangu mwaka ule wa pili posta ya California ilikuwa na miguu miwili, farasi wa askari na meli ya San Blas. Haikupata mguu wa tatu kwa muda mrefu. Hakukuwa na jengo la posta wala mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo peke yake. Ofisa wa ngome aliyeshika fedha na stoo ndiye aliyepokea mfuko. Barua ya serikali ilipita bure, ikiandikwa juu yake, mara nyingi kwa mkato, kwamba ni ya utumishi wa mfalme: Del Real Servicio. Barua ya mtu binafsi ilidaiwa nauli kwa reali, reali 8 zikiwa peso moja, na mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipa. Ndiyo maana ukiona tarakimu moja iliyochorwa kwa kalamu nene mbele ya anwani, usidhani ni namba ya faili. Ni deni.

Sasa ona barua inavyoweza kuwa nzito bila alama yoyote. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba 1775 Wakumeyaay, wenyeji wa asili wa pale, walivamia misheni ya San Diego, wakaichoma moto na kumuua padri Luís Jayme. Serra alikuwa Carmel, karibu na Monterey. Habari zilimfikia tarehe 13 Desemba. Zaidi ya wiki tano! Siku mbili baadaye akamwandikia Bucareli, mtawala wa Hispania Mpya, koloni lililotawaliwa kutoka Mexico City, akiomba waliofanya tendo lile wasamehewe, na akikumbusha ombi lake kwamba hata wakimuua yeye, wasamehewe vilevile. Kwa Serra watu wa California wamegawanyika hadi leo, Kanisa limemtangaza mtakatifu mwaka 2015 na sanamu zake zimeangushwa mwaka 2020, na mimi siwezi kuisoma barua ile bila kuwafikiria Wakumeyaay ambao hawakuwa na mfuko wa posta wa kupeleka maelezo yao. Ila kwa mkusanyaji kuna jambo lingine pia. Ombi la kuokoa maisha ya watu lilitegemea farasi wangapi walikuwa na nguvu kwenye vituo njiani. Jibu la Mexico City lingekuja baada ya miezi.

Miaka sita baadaye njia yenyewe ikakatika. Juan Bautista de Anza alikuwa amefungua barabara ya kutoka Sonora, kaskazini mwa Mexico, mwaka 1774, ikivuka Mto Colorado katika nchi ya Waquechan, watu waliokuwa wamempokea vizuri. Wahispania wakaleta walowezi na ng'ombe wao, wakaharibu mashamba ya wenyeji. Julai 1781 Waquechan wakainuka, wakawaua padri Francisco Garcés na kapteni Fernando de Rivera y Moncada pamoja na wengi wengine, na barabara ile ikafungwa. Tangu hapo barua ya kawaida ya nchi kavu ilizunguka kupitia rasi ya Baja California hadi Loreto, ikavushwa ghuba kwa mashua. Ukishajua hivyo, tarehe mbili tu zinatosha, ile ya kuandikwa na ile ya kupokelewa, kukueleza njia iliyopitwa. Watu wa Mto Colorado waliufunga mlango mmoja wa himaya, na alama yao iko katika wiki zilizoongezeka kwenye kila barua, ingawa hakuna aliyewapigia muhuri.

Karatasi ninayoipenda kuliko zote niliyo nayo ni waraka wa mzunguko. Desturi ilikuwa hivi: mkubwa wa mapadri, au gavana, akiwa na agizo kwa misheni zote, aliandika nakala moja tu. Ilipelekwa misheni ya kwanza, padri akaisoma, akainakili kitabuni mwake, akatia tarehe na sahihi yake chini, akampa mjumbe aipeleke misheni inayofuata. Wa pili akafanya vivyo hivyo. Wangu umeshuka kusini kutoka Monterey: Soledad, San Antonio, San Miguel, San Luis Obispo, La Purísima, Santa Inés, Santa Bárbara. Sahihi saba, mikono saba. Wa San Antonio ana herufi za karani, zimelala upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo. Wa San Miguel kalamu yake imechanika, kila mstari una ndugu yake mwembamba pembeni. Wino wa hapo umegeuka kahawia, na mahali padri alipokandamiza sana umekula karatasi hadi kutoboka.

Kuanzia Soledad hadi San Luis Obispo tarehe zinafuatana bila kusita. Kisha kunatokea pengo la siku nne kabla ya La Purísima. Ni Januari, msimu wa mvua wa California, na katikati ya misheni hizo mbili kuna bonde la Mto Santa Maria. Sitaapa kwamba mto ulijaa. Ila sahihi hizi zinafanya kazi ambayo baadaye ilifanywa na mihuri ya njiani, na zinaifanya vizuri zaidi, kwa sababu muhuri haukuambii kama aliyeupiga alikuwa amechoka.

Na nani alikuwa yule mjumbe kati ya misheni na misheni? Mara nyingi alikuwa kijana wa wenyeji wa asili aliyebatizwa, Mchumash au Msalinan, anayeijua njia kuliko askari yeyote. Mapadri waliandika majina ya wakubwa wa mbali kwa heshima zote na vyeo vyote, na jina la aliyebeba karatasi hawakuliandika. Ndiyo hasara inayoniuma zaidi katika mkusanyo wangu wote. Watu hawa walikuwa wakifa kwa maelfu kwa maradhi yaliyoletwa na wageni, huku wakipeleka barua za wageni hao kutoka bonde hadi bonde. Ninapoandika maelezo ya barua kwenye albamu, pale pa mbebaji siachi wazi. Naandika: mjumbe wa misheni, jina halikuandikwa.

Kuna kipindi kifupi ambacho wakusanyaji wengi hawakitazami, nacho ni majira ya baridi ya 1821 kwenda 1822. Mexico ilipata uhuru wake Septemba 1821. Monterey waliapa utii kwa serikali mpya tarehe 11 Aprili 1822. Kwa miezi hiyo yote California ilikuwa ikitawaliwa kwa jina la mfalme asiyekuwa na mamlaka tena juu yake. Barua rasmi ya wakati huo yenye maneno ya utumishi wa mfalme imeandikwa kwa nia safi kabisa na mtu ambaye habari hazijamfika. Baadaye maneno yakabadilika yakawa ya utumishi wa taifa, Servicio Nacional, au herufi S. N. tu. Ukiwa na karatasi mbili, moja ya kabla na moja ya baada, umeshika mapinduzi mazima kwa vidole viwili.

Enzi ya Mexico ilileta jambo jingine la kupendeza, uhaba wa karatasi. Hati za kisheria zilitakiwa kuandikwa kwenye karatasi yenye chapa ya serikali, iliyonunuliwa kwa bei iliyopangwa na kutumika kwa muda wa miaka miwili. Karatasi hiyo ilitakiwa itoke Mexico, na mara nyingi haikufika. Basi forodha ya Monterey ikachukua karatasi ya kawaida na kuihalalisha kwa maneno yake, kwamba imeidhinishwa kwa muda na Forodha ya Bahari ya Bandari ya Monterey kwa mwaka fulani na fulani. Chini yake hutiwa sahihi, kwa mfano gavana Micheltorena na Pablo de la Guerra wa forodha kwenye zile za 1844 na 1845. Wanaofuata alama za posta peke yake huziacha hati hizi kwa sababu hazikusafirishwa kama barua. Mimi nasema ziwekwe humo humo kwenye albamu, zinaeleza hali ile ile: serikali iko mbali, meli haijafika, wenyeji wa bandari wanajitengenezea.

Forodha ile bado imesimama Monterey, na ndiyo alama ya kihistoria namba 1 ya jimbo la California. Biashara iliyoilisha ilikuwa ngozi za ng'ombe na shahamu. Meli za Boston zilizunguka Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, zikajaza ngozi pwani yote, zikarudi kulisha viwanda vya viatu vya Massachusetts. Barua za wafanyabiashara zilirudi na meli hizo hizo, na hapa ndipo mihuri inapoanza kuonekana, lakini haikupigwa California. Ilipigwa Marekani, bandari ya kufikia: neno SHIP, na nauli kwa mkono au kwa chapa.

Nauli hizo zinasomeka ukizijua kanuni. Barua ya meli iliyomkuta mwenyewe kwenye bandari ile ile ililipiwa senti 6. Ikipelekwa mji mwingine, zilidaiwa senti 2 za meli pamoja na nauli ya bara kwa umbali. Kwa hiyo ile iliyoshukia New York kwenda Boston kabla ya Julai 1845 ilidaiwa senti 18 na robo tatu kwa umbali huo, ukijumlisha zile 2 unapata 20 na robo tatu. Tarehe 1 Julai 1845 nauli zikarahisishwa: senti 5 hadi maili 300, senti 10 zaidi ya hapo. Barua ya California yenye SHIP na 7 ni ya baada ya tarehe hiyo. Hesabu ndogo kama hii imewahi kuniambia kwamba tarehe iliyoandikwa kwa penseli na muuzaji haiwezekani.

Hapa pwani yetu ya Afrika Mashariki inaingia, na inaingia kwa haki yake. Wakati ule ule watu wa New England walikuwa Unguja. Mkataba wa Marekani na Sayyid Said ulitiwa saini mwaka 1833, na Richard Waters wa Salem akafika Unguja mwaka 1837 kuwa balozi mdogo. Walileta kitambaa cha merikani, wakachukua pembe, sandarusi na ngozi. Thomas Larkin, mzaliwa wa Massachusetts vilevile, alikuwa balozi mdogo Monterey miaka michache baadaye. Barua za Unguja zilizoingia Salem zilikutana na kanuni ile ile ya meli, senti zile zile 6. Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Oakland, na kwenye albamu yangu kuna ukurasa mmoja wenye bahari mbili: juu barua ya Monterey, chini barua ya Unguja, zote zikizungumzia bei ya ngozi kwa lugha ya watu wa mji mmoja. Wageni wangu huupita ukurasa huo haraka. Watu wa kwetu husimama hapo.

Larkin ni mwalimu mkubwa wa yeyote anayeanza. Barua zake zimechapishwa kwa juzuu 10 na chuo kikuu cha California, na ukizisoma unaiona posta ya hila na subira. Kulikuwa na njia fupi kuliko Cape Horn: meli hadi Mazatlán, kisha kuvuka Mexico hadi Veracruz, kisha meli tena. Ilikuwa fupi na ya hatari, kwani barua ilipita mikononi mwa serikali ambayo Marekani ilikuwa ikijiandaa kupigana nayo. Luteni Archibald Gillespie alipotumwa kupitia huko na ujumbe wa siri kwa Larkin, ulioandikwa tarehe 17 Oktoba 1845, aliukariri wote na kuiharibu karatasi. Alifika Monterey tarehe 17 Aprili 1846, akauandika upya kutoka kichwani. Sehemu kubwa ya safari yake barua hiyo haikuwa na hata karatasi.

Kwa nini nahimiza sana upande wa nje? Kwa sababu ya moto. Kumbukumbu za serikali za enzi za Hispania na Mexico, majalada yapatayo 300, zilikuwa San Francisco Aprili 1906, na sehemu kubwa sana iliteketea baada ya tetemeko. Kilichotuokoa ni kazi ya miaka thelathini nyuma: mwanahistoria Hubert Howe Bancroft aliwaajiri waandishi, wakisimamiwa na Thomas Savage, kunakili na kufupisha kumbukumbu hizo. Nakala zao, juzuu 63, ziko Maktaba ya Bancroft pale Berkeley, na nawashukuru kila ninapozifungua. Lakini walinakili maneno. Mkunjo, lakiri, karatasi, mwandiko na tarakimu ya deni kwenye pembe vilikwenda na moto. Kwa mambo hayo, barua halisi zilizobaki kwenye familia, misheni na maghala ya wafanyabiashara ndizo mashahidi waliosalia. Nyingine ziko kwenye droo za watu kama mimi.

Ndiyo maana mtu anayekata upande wa anwani ili auze kipande chenye alama ananikasirisha kabisa. Anayeficha barua kwenye sefu bila kuipiga picha naye hajatenda vema. Skani pande zote, ndani na nje, karatasi ikiwa imekunjuliwa na ikiwa imekunjwa. Usiweke gundi wala plastiki ya kuchomwa kwa moto, na utepe wa kubandika usiusogeze karibu. Na kabla hujalipa fedha, chukua lenzi uangalie pale alama inapovuka mkunjo. Alama ya kweli ilipigwa karatasi ikiwa mpya, kwa hiyo wino na nyuzi vimechakaa pamoja. Iliyopigwa juzi kwenye karatasi ya kale huwa imejipenyeza ndani ya ufa.

Kuhusu miaka ya dhahabu, watu walipomiminika California kuitafuta, sisemi mengi, wapo wanaoijua kuliko mimi. Marekani ilipanga nauli ya senti 40 kati ya mashariki na pwani ya Pasifiki kwa sheria ya Agosti 1848, meli ya mvuke California ikaingia San Francisco tarehe 28 Februari 1849 na afisa wa posta William Van Voorhies ndani yake, na baada ya muda mihuri ikaanza kupigwa kwa maelfu.

Ninachokitafuta ni cha kabla ya hapo kidogo. Mwaka 1847, California ikiwa chini ya jeshi la Marekani, jenerali Stephen Kearny alianzisha posta ya farasi kati ya San Diego na San Francisco. Ilianza Jumatatu tarehe 19 Aprili. Kila wiki ya pili askari wawili waliondoka kila upande, wakakutana Jumapili kwenye shamba la kapteni Dana huko Nipomo, wakabadilishana mifuko, na asubuhi wakageuka. Mfuko wa kutoka San Diego ulipangiwa kufika Los Angeles Jumatano mchana, Santa Bárbara Ijumaa jioni, Monterey Alhamisi ya wiki inayofuata, San Francisco Jumapili. Barua zilibebwa bure. Kwa kuwa hakukuwa na nauli, hakukuwa na cha kuandika wala cha kugonga juu ya karatasi, hivyo barua ya posta hii haitambuliki kwa sura. Inatambulika kwa kalenda. Iwe imeandikwa Los Angeles Jumanne au Jumatano asubuhi ya wiki ya zamu, na mpokeaji wa Monterey awe ameandika nyuma kwamba ameipata siku nane hadi kumi baadaye, Alhamisi usiku au Ijumaa. Ukiwa na barua za familia za mwaka huo, za Kihispania au za Kiingereza, zisizo na alama yoyote, zitafutie siku ya wiki kabla hujazirudisha sandukuni, na zikikubaliana na ratiba hii naomba uniandikie.